Kuhusu Wabwile

Chwele,
Bungoma.
Jumapili jioni.

Kwako kaka yangu mpendwa Wekoye,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, wewe na wifi yangu Edah na watoto, na kwamba mahindi yenu ya huko Kitale yamesimama vizuri baada ya ile mvua ya mawe tuliyoisikia kwenye redio. Goti la Edah linaendeleaje? Mwambie yale mafuta niliyompa apake asubuhi pia, si jioni tu, na aache kupanda ule mteremko wa mtoni akiwa amebeba maji. Yule ndama mwekundu mliyesema hanyonyi, amepona? Huku kwetu tuko salama kwa neema za Mungu. Emmy amekua mpaka nguo zangu zinamtosha, na nikimtuma dukani hunijibu kwa Kiingereza. Kaburi la mama tumelipalilia, na ule ua wa mianzi upande wa barabara nimeubadilisha.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu iko mfukoni mwako. Nimejaribu kukuambia kwa simu, kaka. Kila nikianza, wewe huuliza kwanza kama Wabwile bado anatembea sokoni kichwa juu, kisha unakasirika, kisha unasema mtandao ni mbaya. Barua haikatiki, na anayeisoma hawezi kumkatiza aliyeiandika. Nakuomba uketi uisome mpaka mwisho. Ukitaka kuirarua, irarue ukishamaliza.

Nitaanza na Khisa, maana bila yeye hakuna hata moja katika haya ambalo lingetokea.

Khisa alikuwa mtoto wa jirani yangu, yule mama anayeuza ndizi karibu na kibanda changu cha ushonaji. Alikuwa kidato cha tatu. Suruali zake za shule nilimshonea mimi tangu darasa la kwanza. Alikuwa anarefuka kama muwa, kila muhula tunashusha pindo mpaka hakuna tena pindo la kushusha. Mwaka jana, siku moja ya soko, yeye na mwenzake walitoka shuleni saa za chakula cha mchana wakaingia kwa Namalwa, ile baa ya karibu na uwanja wa ng'ombe, kupitia mlango wa nyuma. Wakanywa ile pombe kali ya chupa ndogo za plastiki. Kisha Khisa akachukua pikipiki ya mjomba wake iliyokuwa imeegeshwa hapo, akampakia mwenzake, wakashika barabara ya Bungoma. Kwenye kona wakakutana na trekta la miwa. Yule mwenzake alitupwa mtaroni akavunjika mkono. Khisa hakufika hospitali.

Kabla ya mazishi mama yake alikuja kusimama mlangoni kwangu. Aliniambia anataka mtoto azikwe na sare mpya, kwa sababu ile nyingine imeharibika. Nikafungua mdomo kumwambia amlete nimpime. Kaka, neno hilo lilifika kwenye meno nikalimeza. Nilishona ile suruali kwa vipimo nilivyokuwa navyo kichwani, nikaacha pindo refu kama nilivyozoea, kisha nikakumbuka kwamba pindo hilo halitashushwa tena. Nililia mpaka Emmy akanitoa makasi mkononi.

Mazishini mhubiri alisema mengi juu ya shetani na vijana wa siku hizi. Chifu alisema wazazi wakaze nidhamu. Hakuna aliyesema mtoto alikunywa wapi. Namalwa mwenyewe alikuwepo, ameleta mchele na sukari, amefunga leso kichwani kama sisi wote. Tulijua sote na hakuna aliyesema. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sikuweza kuivua.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia. Wewe unajua kibanda changu kinatazama barabara ya kutoka shuleni. Siku za soko niliona watoto wanaingia kwa muuza chapati wakiwa na sweta za shule, wanatoka bila sweta. Nilikwenda kununua chapati nisizozihitaji, nikaona sweta zimekunjwa chini ya meza. Beji zake nilizishona mimi. Ningeweza kukuambia kila sweta ni ya mtoto wa nani. Yule muuza chapati alisema yeye anawawekea tu mizigo, hawaulizi wanaenda wapi.

Nikawaambia wenzangu wa kikundi cha kina mama kanisani, tukaenda kwa Namalwa, na mama yake Khisa mbele yetu. Namalwa unamkumbuka, tulisoma naye darasa moja, ndiye alikuwa akiimba sauti ya kwanza. Mume wake alifariki akamwachia watoto na hiyo baa. Alitupokea vizuri, akatuletea viti. Lakini tulipomweleza alikunja uso.

"Mama Emmy," akaniambia, "mimi sijaenda shuleni kumvuta mtoto wa mtu kwa mkono. Wakija hawana sare, si nitajuaje ni watoto? Na wewe unataka wangu wale nini, vifungo?"

Nikamwambia Khisa alikuwa na sauti ambayo bado haijavunjika vizuri, mtu yeyote angejua. Akasema ana kazi.

Siku ya soko iliyofuata tulibeba vigoda tukaenda kukaa kwenye mlango wake wa nyuma. Hatukubeba mabango, wala hatukuimba. Mmoja alileta maharagwe ya kuchambua, mwingine alileta mtoto wa kunyonyesha, mimi nikaleta mashati ya kutoboa matundu ya vifungo. Tulikaa hapo kuanzia mchana mpaka jua likashuka. Wanaume waliokuwa ndani walitucheka sana, ati tumefungua tawi la kanisa baani. Mmoja alitoka na chupa yake akamwaga masalio kwenye maharagwe ya mama yake Khisa. Mama huyo aliinuka na ungo wake. Aliyaosha kwenye bomba la soko, akarudi akakaa palepale, akaendelea kuchambua. Baada ya hapo yule mwanamume alikuwa anatokea mlango wa mbele.

Watoto walikuwa wanakuja, wakituona wanageuka kama waliosahau kitu. Msichana mmoja hakutuona kwa haraka, akajikuta uso kwa uso na shangazi yake. Sote tulidhani atapigwa. Shangazi alisogea kwenye kigoda akamwachia nafasi, akamwekea ungo mapajani. Alichambua maharagwe mpaka jioni, na hakuna aliyemwuliza swali. Siku hizi huyo msichana hukaa na sisi bila kuitwa.

Chifu alituita akasema tunazuia biashara ya mtu. Basi tukaongezeka. Ndipo akaja Inspekta Kipketer, yule mrefu aliyehamishiwa kituo chetu, akauliza tunavunja sheria gani. Tukamwambia tumekaa tu. Akasema kukaa si kosa. Kisha akaingia ndani, akamwuliza Namalwa kama leseni yake inaruhusu baa kuwa na mlango unaoangalia njia ya shule.

Sisemi mambo yalibadilika siku hiyo. Tulikaa pale muhula mzima, mvua ikitunyeshea. Biashara ya kushona ilinilegea, na kuna jioni nilirudi nyumbani nikiapa sitarudi. Lakini siku moja Namalwa alitoka na birika la chai, akaketi kati yetu. Hakuomba msamaha. Alisema tu kwamba ameshindwa kuhesabu hela zake huku mama yake Khisa akimwangalia. Wiki hiyo fundi alikuja akaziba mlango wa nyuma kwa matofali. Sasa kwenye mlango wa mbele anamwuliza kila kijana kitambulisho, na asiye nacho anafukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ni kweli baa nyingine imefunguliwa upande wa barabara ya Kimilili. Tumeshapeleka vigoda huko.

Nakueleza haya yote, kaka, ili ujue jambo hili halikuanza na wewe. Wewe umekuwa ukisema lilipangwa kukuangusha.

Sasa nije kwa Mama Savitri. Ni yule huniuzia kitambaa cha sare kule Bungoma mjini, na mume wake, Bwana Pritam, hukaa kwenye kiti cha magurudumu nyuma ya kaunta akikata risiti. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza miguu yake ilifanyaje. Nilipokwenda kununua kitambaa baada ya kifo cha Khisa nikamsimulia, naye akafunga mkasi akanisimulia yake. Nilimwomba aje Chwele ayaseme mbele ya watu, akakubali.

Alikuja na mpwa wake Gagandeep, wameleta robota la kitambaa cha njano kinachong'aa, nishone makoti ya waendesha bodaboda. Tulikusanyika uwanja wa ng'ombe, watu wa pikipiki, wenye pikapu, wafanyabiashara. Wengi walikuja kwa ajili ya makoti. Mama Savitri hakupanda jukwaa. Alisimama chini, akasema hivi, nami nakumbuka maneno yake kwa sababu kulikuwa na kimya:

"Aliyemgonga mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mteja wetu. Asubuhi hiyo alinunua kwetu kitambaa cha harusi ya msichana wake, akafurahi, akaenda kunywa. Wote waliokaa naye walimwona akichukua funguo. Watu wazuri, wote. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi simkasirikii yeye sana. Nawafikiria wale waliokuwa wamekaa."

Alipomaliza, Wabwile alisimama, yeye akiwa ndiye mwenyekiti wa bodaboda. Alisema kuanzia siku hiyo, mtu wa steji yao, pale wanapongojea abiria, akionekana amekunywa, funguo zinakaa kwa mwenyekiti mpaka kesho. Mwenye gari akiwa amelewa, vijana wake watamfikisha nyumbani na gari litalala salama sokoni. Na mwanafunzi asipelekwe baa hata akilipa mara mbili. Watu walidhani ni maneno ya mkutano. Wa kwanza kunyang'anywa funguo alikuwa binamu yake mwenyewe, akampiga Wabwile ngumi mdomoni, na jino moja likalegea. Wabwile aliziweka funguo mfukoni akaenda kusukutua mdomo kwa maji ya chumvi. Inspekta Kipketer naye alitupa namba yake sisi kina mama na watu wa steji, akasema mtu akikataa kutoa funguo tumpigie, yeye hatauliza ni nani aliyepiga.

Hapo ndipo tulipokuwa ulipokuja siku ile.

Siku hiyo unaijua kwa upande wako. Niruhusu nikueleze upande wangu. Ulifika asubuhi na viazi kutoka Kitale, ukauza karibu vyote kabla ya saa sita. Nilifurahi kukuona. Uliniletea maziwa ya Edah, ukamtania Emmy kwamba atapata mchumba wa Kitale. Kisha mkaenda na wanunuzi wako kwa Namalwa kusherehekea, na hilo sikulilaumu, wewe ni mtu mzima. Ulirudi kwangu alasiri kuniaga. Ulisema yamebaki magunia machache ya kupeleka Mabanga, kisha utarudi Kitale. Macho yako yalikuwa mekundu, na ulipojaribu kuketi ulikosa kiti. Nilikuomba funguo. Nilikuomba kwa upole, nikasema nikupikie ulale, viazi vitakwenda kesho. Ulicheka ukanishika bega.

"Nasike, mimi nimeendesha gari kabla wewe hujajua kushona kifungo."

Ukaenda. Nilikufuata mpaka uwanjani. Wabwile alikuwa amekuona pia. Alisimama mbele ya pikapu yako, akanyoosha mkono, akasema, "Ndugu, nipe funguo, kijana wangu atakupeleka." Wafanyabiashara wote waliangalia. Ulimsukuma kifuani ukamwuliza mtu wa pikipiki atakufundisha gari tangu lini. Nilimwona akiteremsha mkono. Hakukurudishia, na wewe unajua Wabwile ana nguvu kukushinda.

Ulipoondoka, polisi walikusimamisha kabla hujafika Bungoma. Walikupulizisha kile kidude chao, wakakupeleka kituoni, kisha kortini. Hakimu akakuzuia kuendesha gari mwaka mzima. Siku ile kortini nilikuwa nimekaa nyuma yako, na ulipogeuka kuniangalia, macho yako yalinichoma. Nilijua unatafuta mtu wa kukuhurumia. Nilikuhurumia, kaka. Mpaka leo nakuhurumia. Najua Muturi uliyemwajiri aendeshe pikapu hakuletei faida, na najua ni aibu gani kwa mtu kama wewe kukaa upande wa abiria kwenye gari lake mwenyewe.

Lakini nikueleze pia yale uliyoyafanya tangu hapo, maana nadhani kule Kitale huyaoni. Umewaambia wenye pikapu wa huko kwamba Wabwile ni mchongezi, na wamekusikiliza. Hawawapi tena vijana wake mizigo ya kusambaza sokoni. Mmoja wa vijana hao, mwenye watoto wadogo, ameuza pikipiki yake akaenda kukata miwa ya watu. Vijana wengine wanasema ile sheria ya funguo ndiyo imewaletea njaa, na wanataka kumtoa Wabwile kwenye uenyekiti. Akitoka, sheria itatoka naye.

Na baba yake alipofariki hukuja. Kaka, mlitahiriwa msimu mmoja. Mlilala nyumba moja mpaka mkapona, na ni mzee yule aliyewatunza, akiwaletea uji kwa mkono wake. Watu walikuwa wanaangalia barabara ya Kitale kukungoja. Wabwile alichelewesha kufunga kaburi mpaka pasta akamgusa bega. Uliniambia kwenye simu kwamba huwezi kumlilia baba wa mtu aliyekuuza. Usiku huo sikula.

Baada ya mazishi nilimfuata Wabwile nyumbani kwake. Nilimwambia imetosha, nitakuambia ukweli. Alichokora ardhi kwa kijiti. Kisha akasema, "Mwache anichukie mimi. Rafiki atapata mwingine. Dada ana mmoja." Nilimwambia hilo si haki. Akasema haki si jambo la haraka. Ametunza siri hiyo tangu siku ile, kwa sababu aliniona. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, mkono wake bado uko wazi, akaniona nikitoa simu.

Aliyempigia Inspekta Kipketer ni mimi, kaka. Si Wabwile, si wafanyabiashara, si adui yako yeyote. Ni mimi, Nasike. Nilitaja jina lako lote kama lilivyoandikwa kwenye cheti chako cha ubatizo, nikataja namba ya gari na barabara uliyoshika. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ni kaka yangu, nina hakika.

Utauliza kwa nini sikuvumilia, mbona siku nyingine uliwahi kuendesha umekunywa na ukafika. Nitakueleza, na hili ndilo ambalo nadhani hulikumbuka. Ulipokuwa unawasha gari, watoto wa shule walikuwa wanatoka. Uliwaita kwa moyo mzuri, kama unavyofanya siku zote, ukasema pandeni niwasogeze. Wakapanda nyuma, juu ya magunia, wakicheka. Nilikimbia nikamshusha mmoja kwa mkono. Wengine nikawapigia kelele washuke. Yule msichana wa maharagwe, yule niliyekuandikia habari zake hapo juu, alikuwa ameshakaa, akaniangalia akashangaa.

"Si ni gari ya kaka yako, Mama Emmy?"

Walipanda kwa sababu wewe ni kaka yangu. Niliwafundisha kutoniogopa, nikawafundisha kwamba kile kilicho changu ni salama. Ukaondoa gari wakiwa wamo. Nilisimama kwenye vumbi lako, nikawaona wote waliokuwa uwanjani wananiangalia nitafanya nini, nikakumbuka nimeshashona suruali moja ya kuzikia na mikono yangu haikuwa tayari kushona nyingine. Ndipo nikapiga simu. Polisi walipokusimamisha, watoto walishushwa wakiwa wazima, na vijana wa Wabwile wakawafikisha kwao kila mmoja. Nilikwenda nyumba kwa nyumba jioni hiyo kuhakikisha. Msichana yule alikuwa anaosha vyombo.

Sikuombi msamaha kwa kupiga simu. Nimejichunguza kwa sala na kwa muda mrefu, na najua kesho ukifanya vile nitapiga tena. Ninachokuomba unisamehe ni huu ukimya, kwamba nimeacha mtu mwingine abebe chuki yako kwa sababu niliogopa kukupoteza. Mama alituacha wawili tu. Nilikuwa nikisikia sauti yako kwenye simu, ukiniita mdogo wangu, ukiniuliza kama nimekula, na ulimi wangu unakuwa mzito. Sasa nimeamua. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi, si mwingine.

Nina ombi, na nitalisema wazi. Waambie wenye pikapu wa Kitale kwamba ulikosea kuhusu Wabwile. Waambie kwa mdomo uleule uliotumia mwanzo. Si lazima uwaambie habari zangu, lakini ukipenda waambie, mimi sitaona haya. Vijana wale wanahitaji mizigo, na sisi tunahitaji wabaki na mwenyekiti wao. Wikendi ijayo wanapiga kura, kwa hiyo neno lako likichelewa litakuwa bure.

Edah ameniambia kwamba siku hizi unaamka alfajiri kukamua mwenyewe, na kwamba kuna wiki inapita hujanywa na kuna wiki unashindwa. Usimgombeze kwa kuniambia, ni mimi niliyemwuliza. Hajui chochote kuhusu simu ile, atajua kutoka kwako. Ukiwa katika wiki unayoshindwa, nipigie. Sitakuhubiria. Nitakueleza tu habari za Emmy na bei ya nyanya mpaka kiu ipite.

Barua hii nitampa Gagandeep, anakuja Kitale kesho kununua spea, ndiye atakayekufikishia mkononi. Nawe usimwache aondoke bila chai, hata kama umekasirika. Alhamisi nitakuja mwenyewe. Wabwile ndiye ataniendesha, alisema hivyo nilipomsomea haya niliyokwisha kuandika, na sikuweza kumkatalia. Ameniambia hataingia bomani kwako bila kuitwa. Ataegesha pikipiki kwenye lango na kungoja huko nje, iwe jua au mvua, mpaka umwite au mpaka nimalize nirudi naye.

Msalimie Edah sana. Wasalimie watoto wote, umwambie mdogo kwamba sare yake ya muhula ujao iko tayari na nimeacha pindo refu. Emmy anakusalimu. Mama yake Khisa pia anakusalimu, na ameniomba nikuandikie kwamba anakukumbuka kwenye maombi yake kwa jina. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane hiyo Alhamisi.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Nasike.